Meza ya 1/3: mwongozo wa poka ya pesa taslimu Las Vegas

Kama ulikulia Kenya, neno poka huenda linakukumbusha ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, wa kulishana mbili na tatu mpaka mtu atangaze "niko kadi". Kama ulikulia Tanzania, pengine ulizoea last card au arubastini barazani. Poka ninayoizungumzia hapa ni nyingine kabisa. Ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, inayochezwa kasino kwa pesa taslimu, watu wanane au tisa wakizunguka meza moja. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha zinafunguliwa tano katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, ambazo huitwa flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya flopu, na kila zinapofunguliwa, watu wanaweka madau: unafuata, yaani unalipa kiasi alichoweka mwenzako, unapandisha, yaani unaongeza juu yake, au unatupa karata na kujitoa. Mpangilio wa nguvu za karata, yaani jozi, jozi mbili, tatu za namba moja na kuendelea, nachukulia unaujua.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani, na mfano wangu ni Las Vegas, kwa sababu vyumba vya poka ni vingi pale na kanuni zake ndizo utakazozikuta karibu kila mahali. Meza ya kuanzia ni ile ya 1/3, maana yake madau ya lazima, yanayowekwa na watu wawili kabla ya karata kugawiwa, ni dola 1 na dola 3. Umri ni miaka 21 kwenda juu. Ambaye dini yake imemkataza kamari, namheshimu, na sina neno la kumshawishi.

Lipo jambo moja ambalo nilichelewa sana kulielewa, na nikilieleza vizuri nitakuwa nimekusaidia: watu wa meza hizi hawapendi kutupa karata. Wengine wametoka mbali kwa ndege, wako likizo, wamekuja kucheza. Kwa hiyo pesa yao huipati kwa kuwatisha. Unaipata kwa kungoja karata nzuri, kisha kuwauzia kwa bei kamili.

Kwanza, tenga pesa

Mtaji wa poka ukae peke yake, katika bahasha au akaunti yake. Kodi ya nyumba haiguswi, hela ya kutuma nyumbani haiguswi, zamu yako ya kikoba haiguswi. Ukiketi na dola ambayo mama anaisubiri kule Tanga, utaogopa kufuata dau unalopaswa kulifuata, na utafuata lile usilopaswa kwa kuwa unataka muujiza.

Meza ya 1/3 watu wengi huketi na dola 300, yaani mara 100 ya dau kubwa la lazima. Anayetaka kucheza mara kwa mara awe na akiba ya mara 20 ya kiasi hicho, dola 6,000. Najua ni pesa nyingi. Kama hunayo, nenda kama mtu aendaye kuangalia mpira: pesa ya starehe, kiasi kinachojulikana, kikiisha unarudi nyumbani.

Kuingia ukumbini na adabu za meza

Unakwenda kwenye dawati la chumba cha poka, unataja mchezo unaoutaka, jina lako linaandikwa kwenye orodha. Nafasi ikipatikana unaitwa. Kiwango cha chini na cha juu cha kununulia chipu, vile vidude vya duara vinavyotumika mezani badala ya pesa, kimeandikwa pale pale. Kisome kabla ya kutoa pochi.

Yafuatayo yamewagharimu pesa wageni wengi, kwa hiyo yashike kabla hujaketi. Ukitamka, umefunga: ukisema "raise" lazima upandishe. Ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno, tuseme ya dola 25 wakati dau lililopo ni 15, inahesabika umefuata tu. Ukitaka kupandisha, tamka kiasi, au sukuma chipu zote kwa mkono mmoja mara moja. Hairuhusiwi kuweka kidogo, kuangalia uso wa mwenzako, kisha kuongeza. Weka chipu juu ya karata zako mbili ili mgawaji asizikusanye kwa makosa. Ngoja zamu yako. Pesa iliyo mbele yako ndiyo unayochezea: huwezi kuchomoa nyingine mfukoni katikati ya mgawo, wala kuficha faida mfukoni na kuendelea kucheza.

Na hili linatuhusu sisi moja kwa moja: vyumba vingi vya Marekani vinaruhusu Kiingereza tu mezani wakati mgawo unaendelea. Kama umekaa na ndugu yako, usimsemeshe Kiswahili hata neno "pole", kwa sababu wengine hawajui kama mnapeana pole au mnaambiana karata. Vilevile msiachiane. Kumhurumia rafiki kwa kutompiga dau wakati ungempiga mgeni ni kuwadhulumu wengine saba waliokaa pale, na kasino inaweza kuwatoa nyote wawili.

Jua kasino inakula kiasi gani

Kasino haishindani na wewe kwenye poka, lakini inakata kipande kwenye kila kapu (hivyo ndivyo ninavyoziita pesa zinazorundikana katikati), mpaka kiwango fulani cha juu. Meza ya watu tisa inagawiwa karata kama mara 30 kwa saa. Tuseme wastani wa makato ni dola 4 kila mgawo. Hizo ni dola 120 zinazoondoka mezani kila saa, kama dola 13 kwa kila mchezaji. Ongeza dola moja ambayo ni desturi kumpa mgawaji unaposhinda kapu.

Maana yake, kuwa bora kidogo kuliko jirani yako hakutoshi. Ukimzidi kidogo tu, faida yote inachukuliwa na kasino. Ndiyo maana nasisitiza kuchagua meza. Meza yenye kicheko, madau mengi madogo yanayofuatwa na watu watano, hiyo ndiyo yako. Meza ya watu kimya wenye spika za masikioni na marundo makubwa ya chipu yaliyopangwa vizuri, omba kuhamishwa. Hakuna aibu.

Karata za kuanzia, na mahali ulipokaa

Kitufe cha mgawaji, kidude kinachohama kutoka mchezaji mmoja hadi mwingine kila mgawo, kinazunguka meza, na anayekuwa nacho ndiye wa mwisho kuamua kuanzia flopu. Hilo ni jambo kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Anayeamua mwisho amekwisha ona wenzake wamefanya nini. Anayeamua kwanza anatembea gizani.

Ukiwa wa kwanza kuamua baada ya madau ya lazima, cheza chache sana: jozi kuanzia 7 kwenda juu, A na K, A na Q, na A-J au K-Q zikiwa za alama moja, zote kopa au zote shupaza. Nyingine tupa. Ukisogea karibu na kitufe unaweza kuongeza jozi yoyote, A na karata yoyote ya alama yake, na karata zinazofuatana za alama moja kama 9-8. A na 6 zisizofanana alama, zile zinazompendeza kila mgeni kwa sababu tu A ipo, zimewamaliza watu wengi. Zitupe.

Utatupa sana, na hapo ndipo subira inapopimwa. Hesabu ni hizi: jozi ya A inakuja kwa wastani mara moja katika migao 221. Kwa mwendo wa migao 30 kwa saa, ni zaidi ya saa saba za kungoja. Jozi ya aina yoyote inakuja mara moja katika 17. Anayejua namba hizi hashangai akikaa saa nzima bila kucheza. Asiyezijua anaanza kuona kwamba J na 4 zinavutia.

Bei kabla ya flopu

Ukiamua kucheza, pandisha. Kuingia kwa kufuata dola 3 tu ni kukaribisha umati. Jozi ya A dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote inashinda kama asilimia 85 ya mara zote. Dhidi ya watano wanaokaa mpaka mwisho, inashuka mpaka karibu asilimia 49. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni wingi wa watu.

Kwenye vitabu utasoma upandishe mara tatu ya dau kubwa. Kwenye meza hizi dola 9 haimfukuzi mtu. Anza na 15, na ongeza 3 au 5 kwa kila aliyekwisha ingia mbele yako. Ukiona 15 inafuatwa na watu wanne, mara inayofuata weka 20. Bei sahihi ni ile inayobakiza mtu mmoja au wawili.

Jozi ndogo, kama 7 mbili, zina utaratibu wake. Unazicheza ili upate 7 ya tatu kwenye flopu, na hiyo hutokea mara moja katika takribani nane na nusu. Kwa hiyo lipa tu kama wewe na mwenzako mmebakiwa na chipu zisizopungua mara 15 ya unacholipa. Aliyebakiwa na dola 60 hana cha kukulipa. Dola 15 zako unazitupa.

Baada ya flopu: uza

Hapa ndipo pesa yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mfano. Uko karibu na kitufe na A-K, una dola 300. Umepandisha 15, wawili wamefuata, mmoja wao mwenye dau kubwa la lazima. Kapu lina dola 46. Flopu ni K-8-3, alama tatu tofauti. Wote wawili wanagonga meza, yaani wanapitisha bila dau. Weka 30. Mmoja anatupa, mmoja anafuata, kapu sasa ni 106. Karata ya nne ni 5. Anagonga meza.

Mchezaji mwoga hapa naye anagonga. Anawaza, "labda ana 8 tatu." Labda. Lakini watu wa meza hii wanafuata wakiwa na K-10, K-9, 8-7, hata jozi ya 6. Wote hao wako nyuma yako na wote watalipa tena. Weka 70. Akifuata, kapu ni 246. Karata ya tano ni 2, haijambadilishia mtu kitu. Weka 100, na usione haya. Mwenye K-10 atalalamika, atatazama dari, kisha atalipa, kwa sababu hakuja Las Vegas kutupa jozi ya K.

Tofauti iko wapi? Ukicheza hivyo, yule wa K-10 amekupa 15, 30, 70 na 100, jumla 215. Yule mwoga aliyeweka dau kwenye flopu kisha akanyamaza amepata 45 kutoka kwa mtu yule yule, kwa karata zile zile. Hizo dola 170 huwezi kuzirudisha kwa ujanja mwingine usiku huo.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Tuseme kwenye karata ya nne, badala ya kufuata, bwana huyo aliyekuwa kimya tangu umeketi anapandisha 70 yako kuwa 200. Tupa. Ndiyo, tupa A-K yako nzuri. Watu wa meza hizi hufuata kwa mengi lakini hupandisha kwa machache, hasa kwenye karata ya nne na ya tano. Mtu mtulivu akipandisha ghafla, jozi moja haikutoshi. Kanuni hii pekee imeniokolea pesa kuliko zote nilizojifunza.

Ukiwa wewe ndiye unayesubiri karata, fanya hesabu badala ya kutumaini. Kapu lina 60, mwenzako anaweka 30 baada ya karata ya nne. Unalipa 30 ili upate 90, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara moja katika nne. Una kopa nne, unasubiri ya tano. Kopa zilizobaki ni 9, karata usizoziona ni 46; nafasi yako haifiki asilimia 20. Haitoshi, isipokuwa una uhakika kwamba kopa ikitoka atakulipa angalau dola 34 zaidi. Jiulize kwa ukweli kama mtu huyu atalipa akiona kopa ya tatu mezani. Wengine hulipa. Wengine hushtuka papo hapo.

Na danganya toto, kuweka dau kubwa ukiwa huna kitu? Filamu zimeifanya ionekane ndiyo roho ya poka. Kwenye 1/3 itumie kwa kubana: dhidi ya mtu mmoja tu, ambaye umemwona akitupa karata, kwenye flopu isiyomsaidia mtu, kama Q-7-2 za alama tofauti. Dau moja dogo. Akifuata, acha. Usimdanganye asiyejua kutupa karata, maana uongo unahitaji msikilizaji.

Kusoma watu

Nusu saa ya kwanza cheza kidogo, tazama sana, hasa pale ambapo wewe umeshatupa na simu inakuita. Karata zinapofunguliwa mwishoni, rudi nyuma kichwani: huyu alifuata dau la flopu akiwa na nini? Mara tatu au nne za kufanya hivyo, unajua nani anafuata kila kitu, nani anangoja jozi ya A tu, nani amelewa.

Kuhusu mikono na nyuso, nitataja mawili tu ninayoyaamini. Mikono ikianza kutetemeka wakati wa kuweka dau kubwa, wageni hudhani ni woga wa uongo. Mara nyingi ni msisimko wa karata nzuri sana. Na mtu anayeona flopu kisha jicho linakwenda haraka kwenye chipu zake, mara nyingi imemsaidia. Lakini namna mtu anavyoweka madau inasema zaidi kuliko uso wake.

Kichwa chako

Usiku mmoja niliweka dola zangu zote katikati nikiwa na jozi ya A. Mwenzangu alifuata na 8-6. Flopu ikaleta 8, karata ya tano ikaleta 6. Nilinunua chipu nyingine, na kuanzia hapo sikuwa nikicheza poka. Nilikuwa nikimwinda bwana yule mwenye kofia. Kila akiingia, nami naingia. Nilitaka pesa yangu itoke mikononi mwake, si kwa mwingine. Nilipoteza 300 mara mbili zaidi kabla ya saa nane usiku. Ile ya kwanza ilikuwa karata. Hizo mbili zilikuwa mimi, na ziliniuma mwezi mzima.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sijauvunja. Nikipoteza kapu kubwa, nasimama. Natembea mpaka chooni, nanawa uso, nakosa migao mitano au sita. Nikipoteza mara mbili ya kiasi nilichoketi nacho, siku imekwisha, hata kama meza ni nzuri kiasi gani. Sinywi pombe nikicheza, ingawa ukiwa mezani wahudumu hukuletea bila malipo zaidi ya bakshishi. Siketi nikiwa na usingizi, wala baada ya kugombana na mtu nyumbani.

Jozi ya A kupigwa na 8-6 si dhuluma. Ukimkasirikia mwenye 8-6, ukamfundisha mbele ya watu kwamba amecheza vibaya, unamfukuza mteja wako. Mwambie "nice hand," umaanishe.

Jingine ni kuvumilia kutojua haraka. Saa 100 mezani ni kama migao 3,000 tu, na katika migao hiyo mchezaji mzuri anaweza kabisa kuwa amepoteza, na mbovu kuwa juu. Usijipime kwa usiku mmoja wala kwa mwezi. Jiulize swali dogo zaidi: kila nilipoweka pesa, nilikuwa na sababu? Wengi tulivutwa na habari ya Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia World Series of Poker ya 2003 kupitia shindano dogo la mtandaoni lililomgharimu chini ya dola 100, akaondoka na milioni 2.5. Lile ni shindano, lina bingwa na kombe. Meza ya pesa taslimu haina kombe. Ni kibarua cha saa nyingi zenye faida ndogo ndogo.

Na ukijiona unakopa ili ucheze, au unamficha mwenzi wako kiasi ulichopoteza, acha leo hii. Kasino nyingi za Marekani zina utaratibu wa kujizuia mwenyewe kucheza. Unajaza fomu, wanakukatalia. Waliojaza fomu hiyo nawajua, na nawaheshimu.

Kuondoka

Panga saa ya kuondoka kabla ya kuketi. Saa tano au sita zinatosha kwa mtu wa kawaida. Baada ya hapo macho yanaona lakini kichwa hakihesabu. Ondoka mapema zaidi kama wale waliokuwa wakilipa wameondoka na viti vyao vimechukuliwa na watu makini. Usikae eti kwa sababu unataka kurudisha ulichopoteza.

Omba trei ya chipu, zipange, zipeleke kwa keshia, hesabu noti mbele yake. Kabla ya kuwasha gari, andika kwenye daftari: tarehe, mahali, saa ulizokaa, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho. Ushindi wa kamari unatozwa kodi Marekani, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 anayeorodhesha makato yake kwenye fomu ya kodi anaruhusiwa kutoa asilimia 90 tu ya hasara, tena isizidi alichoshinda, kwa hiyo daftari hilo utalihitaji hata kama mwaka wako utakuwa mbaya. Mimi huongeza mstari mmoja chini ya namba: mgawo mmoja ambao sikuuelewa, karata zote na madau yote, niutazame tena kesho asubuhi nikiwa na chai mkononi.